Stelingi imetengenezwa, mbona gari bado linavuta?

Kama wewe na mwenzi wako mna gari, raha na karaha zake mnazijua. Gari limetoka gereji, tairodi zimebadilishwa, fundi kalipwa, maisha yanaendelea. Miezi michache baadaye baba anainama na kukuta matairi ya mbele yameliwa kwa ndani hadi nyuzi zinachungulia. Lawama zinaanza. "Wewe ndiye unayepita kwenye mashimo!" Mama naye hakubali: "Si yule fundi wako?" Huenda hakuna aliyeendesha vibaya. Kilichorukwa ni hatua ya mwisho ya matengenezo yale, wili alaimenti, ili kuokoa hela kidogo. Sasa hela hiyo inadaiwa na matairi.

Kwa nini ni lazima?

Tairodi ni vile vyuma vinavyosukuma na kuvuta matairi ya mbele unapokata kona. Ncha zake hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Fundi makini huhesabu mizunguko wakati wa kufungua ili arudishie vilevile. Anafanya vizuri, lakini hesabu hiyo inamsaidia kulifikisha gari kwenye mashine tu. Spea mpya haitoshani na ya zamani kwa kila milimita. Kwenye magari madogo mengi, mzunguko mmoja kila upande unatosha kuyapindisha matairi kwa nusu digrii.

Nusu digrii huioni kwa macho, ila tairi linaisikia. Kila kilomita moja linaburuzwa ubavu karibu mita 9. Piga hesabu ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kama kilomita 190: ni zaidi ya kilomita moja na nusu ya kusugua lami, kwa safari moja tu! Mpira utaacha kuisha? Na mafuta nayo yanakwenda zaidi.

Pembe tatu za kuzijua

Ya kwanza ni too, yaani matairi yanavyotazama mbele, kama vidole vya miguu vinavyoweza kuelekea ndani au nje. Hii ndiyo huvurugika ukigusa tairodi au stelingi reki. Ya pili ni kemba, tairi linavyoinama ukilitazama kwa mbele. Ya tatu ni kasta, mlalo wa mhimili ambao tairi hugeukia. Huo ndio husaidia usukani kurudi wenyewe baada ya kona. Magari mengi madogo hurekebishwa too peke yake. Kwa hiyo mashine ikionyesha kemba imetoka sana, ujue kuna kitu kimepinda au kimechoka.

Usichanganye na wili balansi

Usukani ukitetemeka ukiwa mwendo mkali, anza kwa kuangalia balansi. Gari likivuta upande mmoja, au usukani ukikaa kombo huku gari linakwenda moja kwa moja, alaimenti inahusika. Ila pima upepo kwanza, maana tairi lenye upepo mdogo nalo huvuta.

Mkifika gereji

• Boljointi, bushi na tairodi zilizochoka zibadilishwe kwanza, alaimenti ifuate. Ukipima gari lenye vyuma vilivyolegea, vipimo havitadumu.

• Fundi asikuzuge kwa kuuchomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Usukani utapendeza, matairi yataendelea kulika.

• Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Mashine nyingi za kompyuta huitoa.

• Hakikisha nati za kufungia tairodi zimekazwa. Tairodi ikichomoka barabarani, tairi hilo halimsikilizi tena dereva. Hapo tunazungumzia maisha yenu na ya watoto waliokaa nyuma.

• Kama gari lina mfumo wa kuzuia kuteleza, uliza kama sensa ya usukani inahitaji kuwekwa upya kwenye sifuri.

• Jaribuni gari kabla ya kuondoka, kwenye barabara tambarare na iliyonyooka. Barabara nyingi zina mteremko kidogo kuelekea pembeni ili maji yatiririke, kwa hiyo gari kuegemea kushoto kidogo si ugonjwa.

Basi mkae chini mkubaliane: siku mnayopanga bajeti ya stelingi, gharama ya alaimenti iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo, isiachwe ya mwisho wa mwezi. Anayelipeleka gari gereji, awe bibi au bwana, arudi na karatasi ya vipimo pamoja na risiti. Na fundi akisema, "Bosi, hii nimeiset kwa macho, iko poa," mshukuru kwa kazi yake, halafu pitiliza moja kwa moja kwenye mashine.