Kidole cha Shahada na Gumba

Kariakoo, ukiuliza bei ya dagaa utaulizwa kwanza: wa Kigoma au wa Mwanza? Swali la haki. Ladha zao ni mbalimbali, na koo zao pia. Wa Mwanza yuko kwenye ukoo mpana wa kapi, samaki wa maji baridi ambaye mwaka 1973 Robert Kretsinger na mwenzake Nockolds walichapisha umbo la protini ya misuli yake. Protini hiyo, pavalbumini, unayo hata wewe, ubongoni.

Kunja ngumi ya mkono wa kulia, kisha nyoosha kidole cha shahada na kusimamisha gumba. Hivyo viwili ni misokoto ya mnyororo wa asidi amino, mithili ya springi. Cha kati, kilichokunjwa, ni kitanzi cha asidi amino 12. Humo ndimo kalsiamu inamokaa, imezingirwa na atomu 7 za oksijeni. Misokoto yote ya pavalbumini ilipewa herufi A hadi F, na umbo hili likaitwa mkono wa EF, kwa miwili ya mwisho.

Pavalbumini ina mikono mitatu, lakini wa kwanza umepungukiwa asidi amino mbili kwenye kitanzi, haushiki kitu. Usiudharau: ndio unaofunika ubavu wa ile miwili, ule usiopatana na maji.

Samaki anahitaji kupiga mkia na kuupiga tena. Kalsiamu ikimwagika msuli hukaza. Pavalbumini huidaka, msuli ukalegea upesi. Ubongoni imejaa kwenye seli za neva zinazotuliza nyingine, zenye uwezo wa kutoa mamia ya mishtuko kwa sekunde. Kabla ya mshtuko, vitanzi vingi vimekaliwa na magnesi, na kalsiamu husubiri mpangaji ahame. Kwa hiyo ishara hupita kwanza, usafi hufuata. Mimi ucheleweshaji huo ndio unaonivutia kuliko umbo lenyewe.

Wapo wanaodhani kula dagaa kunaongeza pavalbumini kichwani. Hapana, kila mwili hujitengenezea yake. Ya samaki inaweza hata kuleta balaa: kwa wengi wenye mzio wa samaki, mchokozi ni hiyo, na kuwakaanga dagaa mpaka wakauke hakusaidii. Protini hii inavumilia moto. Ikipoa, mnyororo hujikunja upya na kitanzi kikashika kalsiamu yake kama zamani.