«Tuko wengi» si hesabu: namna vijiji vya India vinavyopata barabara

Kila tunapofika katika koperative tunauliza: «Muko watu wangapi hapa kijijini?» Jibu ni lile lile: «Aa, tuko wengi!» Na barabara ya magari? «Ni mbali kidogo.» Tunajua maana ya mbali kidogo: mihogo kichwani, matope mpaka magotini, na mchuruzi mmoja tu anayefika na kujipangia bei.

Safari hii tutazame India, ambako nako wakulima ni wengi sana.

Katika wilaya ya Ghazipur, jimbo la Uttar Pradesh, karibu na mto Ganga, kuna kijiji kinaitwa Gahmar. Watu wake wanapita 20,000, na wengi wanakitaja kati ya vijiji vikubwa kabisa vya Asia. Tangu zamani vijana wake wengi wanaingia jeshi. Gari la moshi linasimama hapo hapo kijijini, kwenye njia inayotoka Patna kuelekea upande wa Delhi.

Wingi kama huo, kwetu tungesema ni mji. Lakini kule wingi peke yake hautoshi. Mahali pasipo na halmashauri ya mji, sensa inapahesabu kuwa mji kama pana watu 5,000 au zaidi, watu 400 au zaidi kwa kilometa moja ya mraba, na wanaume watatu kati ya wanne wanaofanya kazi hawaishi kwa kilimo.

Gahmar ina bahati ya reli. Na kijiji kidogo je? Hapo ndipo kuna somo. Katika vitabu vya sensa ya 2011, kila kijiji kina mstari wake: watu, nyumba, shule, hospitali, basi, gari la moshi, barabara. Kitu kisipokuwapo, wanaandika umbali wa kukifikia: chini ya kilometa 5, kati ya 5 na 10, au zaidi ya 10.

Mstari ule unafanya kazi. Tarehe 25 Desemba 2000 serikali ya India ilianzisha mpango wa barabara za vijijini, unaoitwa kwa kifupi PMGSY. Kanuni ilikuwa wazi: makao ya watu 500 au zaidi yasiyokuwa na barabara ya kupitika mwaka mzima yana haki ya kuipata. Kwenye milima na jangwa, watu 250 walitosha. Tena, vitongoji vilivyo ndani ya meta 500 vilihesabiwa pamoja, ili wadogo wasiachwe. Na kampuni iliyojenga ilipaswa kuitunza barabara kwa miaka mitano.

Kwetu Congo, sensa ya mwisho ni ya 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa na wajukuu. Kwa hiyo anayepanga barabara anakisia tu, na kijiji kisichoandikwa kinasahauliwa haraka.

Hatuwezi kufanya sensa ya nchi, lakini karatasi moja ya kijiji tunaiweza. Pamoja na chifu wa lokalite, andikeni:

– watu na nyumba, pamoja na vitongoji vya karibu;
– kilometa mpaka barabara ya magari, soko na kituo cha afya;
– miezi ambayo gari haipiti, na daraja gani limevunjika;
– magunia yanayotoka kila msimu, na yale yanayoozea nyumbani.

Chifu atie sahihi. Kopi moja ibaki kwa koperative, nyingine iende kwa teritware, nyingine kwa komite ya kutunza barabara (CLER) kama iko.

Karatasi haitachimba mtaro. Salongo bado tutaifanya. Lakini siku mradi wa barabara utakapokuja na kuuliza «muko wangapi?», anayejibu kwa hesabu atasikilizwa mbele ya anayesema «tuko wengi».