Nguvu za jioni huliwa na nani?



Jumatatu iliyopita nilipokuwa nikitoka kazini, mlinzi wa getini alinisimamisha. Ni kijana mpole, mwenye adabu, na si kawaida yake kuuliza maswali. Akasema: "Shikamoo mzee. Samahani, hivi wewe ukishatoka kazini, nguvu za kufanya jambo jingine unazipata wapi? Mimi nimelipia masomo ya kompyuta ya jioni, huu mwezi wa pili, na darasani nimefika mara nne tu." Nami, kwa kuwa nilikuwa nawahi daladala, nikamjibu: "Marahaba. Jikaze tu kijana, ujana ndio huu." Nilipopata kiti, na siku hiyo nilipata, nikaanza kuona aibu. Jibu hilo hilo nilipewa mimi mwaka 1996, na halikunisaidia hata kidogo.

Mwaka huo nilijiandikisha kusoma utunzaji wa hesabu za biashara, katika darasa la jioni lililokuwa jirani na nyumbani kwangu, upande wa Ukonga. Niliona nimepanga vizuri sana: nitatoka kazini mjini, nitafika nyumbani, nitaoga, nitakula kidogo, halafu nitatembea dakika kumi hadi darasani. Ada niliilipa yote kwa mkupuo. Wiki ya kwanza nilikwenda siku zote. Wiki ya pili siku mbili. Wiki ya tatu nilifika nyumbani, nikakaa kwenye kiti cha barazani, nikavua viatu, na nakwambia ndugu msikilizaji, ule upepo ulipopita kwenye vidole vya miguu, masomo ya hesabu yalikwisha pale pale. Ada hairudishwi, na daftari langu watoto walilichukua wakachorea magari.

Kwa miaka mingi nilidhani ule ulikuwa uvivu. Siku hizi, baada ya kusoma kidogo na kuwauliza wanaojua, naona nilijihukumu vibaya. Uvivu upo, sikatai. Lakini uchovu wa mtu anayetoka kazini ni mambo kadhaa yaliyovaa kanzu moja, na ukitaka kuyatibu lazima uyavue kanzu hiyo uyaone moja moja.

Kuna usingizi. Tangu tunapoamka, katika ubongo hujikusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyoongezeka ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Tukilala inapungua. Watu wazima walio wengi wanahitaji kulala muda wa saa 7 au zaidi. Anayelala saa 5 anaamka na deni, na deni hilo halilipwi ila kwa kulala. Kahawa hailipi. Kahawa inaizuia adenosini isisikike tu, mithili ya mtu anayeziba masikio mdai anapobisha hodi. Tena haiondoki upesi: kwa mtu mzima wa kawaida, baada ya saa 5 hivi nusu yake ingali mwilini. Kwa hiyo sisi tunaokunywa kahawa chungu na kashata saa 2 usiku ili tusome, tunaukopa usiku ule ule, na kesho yake jioni tunakuwa hoi zaidi.

Hata hivyo pana jambo ambalo mimi lilinishangaza. Mwili una saa yake, na saa hiyo haiteremki moja kwa moja kutoka asubuhi hadi usiku. Inateremka mchana, kati ya saa 7 na saa 9, hata kwa yule ambaye hakula ugali mkubwa. Halafu inapanda tena. Joto la mwili hufikia kilele jioni, na katika muda wa saa 2 au 3 kabla ya wakati wetu wa kulala, ubongo huwa macho kuliko tunavyodhani. Ndiyo maana mtu aliyesema saa 11 jioni kwamba amekwisha kabisa, utamkuta saa 2 usiku anabishana juu ya Simba na Yanga kwa sauti inayosikika mtaa wa pili. Nguvu alikuwa nazo.

Kuna kichwa chenyewe. Mwaka 2022 watafiti wa Paris walichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Waliwapa watu kazi za kufikiri kwa zaidi ya saa 6, wengine kazi ngumu na wengine nyepesi, huku wakipima ubongo kwa mashine. Waliopewa kazi ngumu walikutwa kemikali iitwayo glutamati imerundikana katika sehemu ya mbele ya ubongo, sehemu ile tunayoitumia kupanga mambo na kujizuia. Na walipotakiwa kuchagua, walielekea zaidi kwenye kile kinachopatikana upesi bila taabu. Hapo nikakumbuka kile kiti cha barazani. Nilikuwa nimemwachia uamuzi mtu wa saa 12 jioni, ambaye jibu lake kila siku ni moja. Uamuzi ule ulipaswa kufanywa na mtu wa asubuhi, kisha mtu wa jioni asiulizwe kitu.

Kwa lugha ya mjini maana yake ni hii: darasa liwe karibu na kazini au njiani, na nyumbani usipite kwanza. Begi la madaftari liondoke nawe alfajiri. Saa 11 jioni weka kitu tumboni, kwani aliyekula mara ya mwisho saa 7 mchana hana akiba: muhogo wa kuchoma, ndizi mbili, karanga, na maji ya kutosha kwa joto hili la Dar es Salaam. Sahani ya wali iache kwanza. Ukipata kiti katika daladala fumba macho dakika 20, ila mwambie kondakta kituo chako, maana mimi nimewahi kuamkia mwisho wa gari. Na siku ziwe mbili kwa wiki, basi. Anayetoka darasani saa 2 usiku akafika Gongo la Mboto saa 3 na nusu, na kesho anaamka saa 11 alfajiri, hawezi kuifanya kazi hiyo siku tano bila kuingia katika lile deni la usingizi.

Haya nayasema kwa watu wa ofisini na madukani. Ndugu yangu uliyeshinda unabeba magunia pale Kariakoo, au uliyemwaga zege tangu saa 1 asubuhi, wewe uchovu wako uko katika misuli na sikuletei habari za glutamati. Wewe unahitaji chakula, maji na mahali pa kujinyoosha, na kama ni darasa basi tafuta la Jumapili.

Wanasaikolojia wawili, Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, mwaka 2007 walieleza mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu baada ya kazi: kuiacha kazi kimawazo, kutulia, kujifunza jambo jipya linalokutaka ujitahidi, na kuwa na hiari juu ya wakati wako. Hilo la tatu ndilo watu hulionea ajabu, kwamba kujifunza kunaweza kumpumzisha mtu. Lakini ukitazama Unguja utaona si jambo geni. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958, na wengi wa wapigaji wake wamekuwa watu wenye kazi zao za mchana, ambao jioni hukutana kwenye klabu kufanya mazoezi. Mpiga fidla asipokwenda, mwenye ganuni anamwona hayupo. Anakwenda kwa kuwa anangojwa, na akifika pale ile siku yake ya kazini inaondoka.

Kungojwa huko nilikuona nyumbani kwetu nikiwa mtoto mdogo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja ile kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa kwa vikundi kuzunguka redio wakasikiliza na kujadiliana. Mama yangu alikuwa ngumbaro. Alishika jembe tangu alfajiri, na alasiri wanawake wa mtaani walipita wakiitana mlango kwa mlango: "Mama fulani, hodi, twende!" Naye alifunga mtoto mgongoni akaenda. Alisoma hadi akaweza kujisomea mwenyewe barua za mjomba kutoka Tanga, bila kumwomba jirani amsomee na kuyajua ya ndani.

Siku zote niliisimulia habari hiyo kwa fahari. Sikuwahi kujiuliza kwamba jioni zile, mama akiwa darasani, nani alipika. Alipika dada yangu, aliyekuwa darasa la nne.

Aliyenifanya nijiulize ni mke wangu. Yeye aliishia darasa la saba, na kwa miaka mingi ameuza vitambaa katika duka la mtu Kariakoo. Miaka mitatu iliyopita aliniambia anataka kusoma ili afanye ule Mtihani wa Maarifa, yaani QT, unaomruhusu mtu aliyekosa sekondari kuja kufanya mtihani wa kidato cha nne. Nilifurahi, nikampongeza hata mbele ya wageni. Darasa lilikuwa hapo hapo Kariakoo, saa 11 na nusu, siku mbili kwa wiki. Kila kitu kilikuwa kama nilivyowaelezeni. Mwezi wa tatu akaacha kwenda.

Nilipomuuliza akasema: "Baba, nguvu sina."

Nami, ndugu msikilizaji, nikamkalisha chini nikampa maelezo yote. Nikamweleza adenosini, nikamweleza glutamati, nikamweleza muhogo wa kuchoma. Mke wangu ni mvumilivu, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Nikitoka darasani nafika hapa saa 3 usiku. Nakukuta umekaa, umevua viatu, unasikiliza taarifa ya habari, unaniuliza tunakula nini. Hiyo kemikali inaitwaje?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku aliyojiandikisha: nilihesabu. Anafika saa 3, anapika, tunakula saa 4 na nusu, anaosha vyombo, anaanda sare za wajukuu wawili wanaoishi nasi, analala karibu saa 6 usiku. Anaamka saa 10 alfajiri kwa ajili ya maji na chai. Muda wa saa 4. Hakuna muhogo duniani utakaolipa deni hilo. Nilikuwa nimempa ruhusa, na ruhusa haipiki.

Tangu hapo Jumanne na Alhamisi napika mimi. Siku ya kwanza maharage yaligoma kuiva tukala chai na mkate saa 4 usiku. Shemeji yangu mmoja alipita akanikuta na mwiko mkononi, akasema nimelishwa limbwata, na habari hiyo ilifika Ukonga kabla yake. Kuamka kwa ajili ya maji tunapokezana. Yeye alirudi darasani. Akafanya QT, matokeo yakatoka Januari, akafaulu, na sasa anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hisabati bado inamtesa, hasa logarithimu, na mimi ambaye ada yangu ya hesabu ilipotea sina msaada.

Juzi nilimrudia yule kijana wa getini. Nilimwomba radhi kwa lile "jikaze", kisha nikamuuliza anaishi na nani na nani anapika. Anaishi peke yake, chumba kimoja, anajipikia. Shida yake ilikuwa nyingine kabisa, na kama ningemsikiliza Jumatatu ningeijua: wiki moja wanampanga lindo la mchana, wiki inayofuata la usiku, kwa hiyo kila baada ya wiki mwili wake unaambiwa usiku ni mchana. Hapo hata saa ya mwili haijui ishike lipi. Tumekubaliana amwombe msimamizi wake amwache lindo la mchana hadi masomo yaishe, na mwenzake mmoja yuko tayari kubadilishana naye kwa kuwa anapenda usiku. Barua ameiandika na ameipeleka, majibu bado.

Wiki ijayo, panapo majaaliwa, nitawaeleza yatakayotokea. Leo ni Alhamisi, na maharage nimeyaloweka tangu asubuhi. Naomba niwahi gari.