Dishi lilitusumbua, nikampandisha mwanangu juu ya bati

Jumamosi moja ya mwezi Aprili, mke wangu alirudi kutoka sokoni akamkuta kijana wetu wa miaka 13 juu ya bati lililolowa mvua, ameshika dishi kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa sebuleni na rimoti, napaza sauti dirishani: “Kulia kidogo! Rudisha! Hapo hapo, usiguse!”

Mke wangu hakugomba. Aliweka kapu chini, akamwambia mtoto ashuke taratibu, akasubiri mpaka miguu yake ilipogusa ardhi. Kisha akanigeukia: “Baba, huyu akianguka, utamrudisha kwa rimoti?”

Sikuwa na jibu. Lakini mzazi mwenzangu, kabla hujanihukumu, sikia tulivyofika hapo.

Ilikuwa wiki ya tatu televisheni haionyeshi vizuri. Picha inaganda, uso wa mtangazaji unakatika vipande vipande, sauti inakwama, kisha king'amuzi kinaandika kwamba hakuna mawimbi. Kifurushi cha mwezi tulikuwa tumekwishalipia.

Kwa sisi tunaoshinda kazini, tungevumilia. Aliyeumia ni mama yangu, aliyekuja kutoka Iringa kutibiwa miguu. Mchana kutwa anabaki peke yake ndani, na TV ndiyo mwenzake. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku alikuwa haikosi, na baada yake ndipo anapata la kuzungumza na wajukuu. Dishi lilipoanza kusumbua, akawa anaingia kulala saa 1. Akiulizwa, anasema amechoka tu.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Nikasikiliza muziki mpaka salio likakaribia kuisha. Alipopokea binti mmoja mwenye sauti nzuri, akaniambia nizime king'amuzi, nichomoe waya wa umeme, nisubiri dakika 5. Nikafanya. Siku ya pili nikapiga tena, akapokea mwingine, akanianzisha upya: zima, chomoa, subiri. Siku ya tatu nikaahidiwa fundi ndani ya saa 48. Nikaomba ruhusa kazini, nikashinda nyumbani. Fundi akawa “niko njiani” tangu saa 4 asubuhi hadi jua likazama.

Basi nikageukia mafundi wa mtaani. Wa kwanza aligusa dishi, picha ikarudi, akachukua Sh15,000. Jioni ilipopiga mvua, tukarudi kulekule. Wa pili alisema kichwa cha dishi kimekufa. Nikanunua kipya kwa Sh25,000. Kilidumu siku nne. Fedha hizo zilikuwa za sare ya binti yetu, na hapo ndipo mimi na mke wangu tulianza kujibizana. Yeye aliniambia napoteza hela, mimi nikamwambia haoni mama anavyoteseka. Kosa lilikuwa kwenye waya, lakini sisi tulilitafuta kwa mwenzetu.

Ndiyo maana Jumamosi ile nikaamua kufanya mwenyewe, kama tulivyofanya zamani.

Wengi wetu tumekua tukizungusha mlingoti wa antena huku mtu ndani akitoa maelekezo. Enzi hizo za analojia, mawimbi yakipungua, picha ilijaa chenga lakini uliendelea kuona. Ukizungusha kidogo, chenga zinapungua mara moja, na aliye ndani anakwambia.

Mambo yalibadilika mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini, ikianzia Dar es Salaam Desemba 31, 2012. Dijitali haina chenga. Mawimbi yakitosha, picha ni safi. Yakishuka chini ya kiwango, inaganda au inapotea kabisa. Isitoshe, king'amuzi huchukua sekunde kadhaa kuyatambua mawimbi, hivyo ukipiga kelele “hapo hapo”, aliye juu ameshapapita.

Kwa dishi, kazi ni ngumu zaidi. Setilaiti inayotuma picha iko juu ya ikweta, umbali wa karibu kilometa 36,000. Ukikosea nyuzi moja tu, dishi linatazama mahali palipo zaidi ya kilometa 600 kutoka kwenye setilaiti hiyo. Mtoto juu ya bati, bila kipimo, anabahatisha tu.

Fundi wa tatu, mzee mmoja aliyeelekezwa na jirani, hakupanda juu kwanza. Aliomba rimoti, akafungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi, akatuonyesha mistari miwili: nguvu na ubora. Akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: “Inasumbua wakati wa mvua tu, au hata jua likiwaka?”

Mvua kubwa ikinyesha, alieleza, ni kawaida mawimbi ya dishi kufifia, na hurudi yenyewe mvua ikipungua. Lakini yakiendelea kusumbua mvua ikishaisha, kuna kitu kimelegea, kimesogea au kimeingia maji.

Alifuata waya kuanzia nyuma ya king'amuzi. Nje, chini ya paa, kulikuwa na kiungo kilichofungwa kwa nailoni. Alipokifungua, shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Kila mvua iliponyesha, maji yaliingia humo. Mafundi wawili wa kwanza, kila walipotikisa waya, kiungo kilishika kwa muda, wakadhani wametengeneza. Alikata, akaweka waya mzima usio na kiungo, kisha akapanda na kipimo chake kulirekebisha dishi nililolivuruga. Vifaa na kazi, Sh12,000.

Niliporudi kwa kampuni kuomba nifidiwe siku nilizolipia bila kuona, nikaulizwa namba ya lalamiko. Sikuwa nayo. Simu zote zile, sikuwahi kuiomba.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, likikufika jambo hili, fanya haya:

Soma kwanza ujumbe ulio kwenye kioo. Kifurushi kuisha ni jambo moja, kukosa mawimbi ni jingine. Uliza jirani mwenye huduma kama yako. Naye akiwa hapati, tatizo haliko kwako.

Kagua waya unaoufikia ukiwa umesimama chini: nyuma ya king'amuzi, dirishani, penye viungo. Chomoa king'amuzi kwenye umeme kabla hujagusa.

Kila ukipiga simu, omba namba ya lalamiko, andika tarehe na jina la aliyepokea. Kampuni isipokusaidia, una haki ya kupeleka lalamiko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, lililoundwa kwa Sheria ya TCRA ya mwaka 2003. Huko kote utaulizwa ushahidi.

Kwa fundi, patana bei kabla hajaanza, muombe akuonyeshe kifaa kilichoharibika, na usimlipe yote mpaka chaneli zikae angalau nusu saa.

Na mtoto asipande. Bati linateleza, nyaya za umeme ziko karibu, na hakuna kipindi chenye thamani ya mguu wake.

Usiku ule mama aliketi mpaka habari zikaisha, akambishia mjukuu wake kuhusu bei ya mahindi. Nami nilimwita kijana pembeni, nikamwomba radhi.

“Niliogopa, baba,” aliniambia. “Lakini niliogopa zaidi kukukatalia.”

Sh40,000 nilizopoteza nimeshazisahau. Maneno hayo bado ninayo. Tangu siku hiyo nimemwambia, nikimtuma jambo la hatari, anayo ruhusa yangu ya kusema hapana.