Kurekebisha Chambo cha Ngisi

Ndugu zetu, katika mazungumzo ya leo twapenda kuwaeleza habari za chambo cha bandia kitumiwacho kuvulia ngisi, na jinsi mvuvi awezavyo kukirekebisha kwa mikono yake mwenyewe. Mtu akikesha baharini kisha akarudi na kapu tupu, hana cha kuuza asubuhi, na nyumbani watoto wamngojea. Basi jambo hili si mchezo.

Asili ya chambo hiki ni kusini ya Japani. Watu wa huko husimulia kwamba zamani mvuvi alimwona ngisi akikikumbatia kijinga cha mwenge kilichoanguka baharini. Ndipo wakaanza kuchonga vijiti kwa mfano wa kamba aogeleaye. Siku hizi chambo hicho kimeenea katika bahari nyingi, hata katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwili wake huvikwa kitambaa, chini ya kichwa hutiwa risasi, na mkiani huwa na duara la ndoana zielekeazo juu, zisizo na jino la kuzuia.

Wengi wakikosa ngisi hukimbilia kubadili rangi. Lakini ngisi wa aina nyingi hawatambui rangi kama sisi. Huona zaidi tofauti ya mwanga na kiza. Neno kubwa ni namna chambo kinavyoshuka, kwa maana mara nyingi ngisi hukikamata kinapozama taratibu, si kinapovutwa.

Kwa hiyo, kwanza kipimeni. Kitieni katika maji matulivu yaliyo safi, mkahesabu. Chambo cha kadiri hushuka mita 1 kwa sekunde 3 hivi, kichwa kimeinama na mkia umeinuka. Penye maji machache na majani ya baharini, yafaa kishuke polepole zaidi, kisije kikanasa. Basi punguzeni risasi kidogo kidogo kwa tupa. Unga wa risasi ni sumu: ukusanyeni wote, mnawe mikono, na watoto wakae mbali.

Penye kina kirefu au mkondo wa nguvu, zungusheni waya mwembamba wa risasi karibu na ile risasi ya kichwani. Msiufunge mkiani, kwani chambo kitapoteza mwinamo wake. Tena, kila safari badilini jambo moja tu. Mkibadili mawili pamoja, hamtajua ni lipi lililoleta faida.

Kisha zitazameni ndoana. Iliyopinda inyosheni, na iliyo butu inoeni. Ngisi akishika, vuteni kwa mwendo mmoja pasipo kulegeza mshipi, maana hakuna jino la kumzuia asichomoke. Wala msivute kwa pupa, kwa sababu minyiri yake ni laini na hukatika.

Neno la mwisho: ngisi wengi huishi mwaka mmoja tu au pungufu, na ngisi wa miambani hutaga mayai yake katika majani ya baharini na matumbawe. Mkiona vishada vyeupe vya mayai, viacheni mahali pake. Chambo chema hutupatia kitoweo cha leo. Mayai yaliyoachwa ndiyo kitoweo cha mwaka ujao.