Usione Haya Kutaja Damu Katika Choo

Tuchukue mfano wa mzee mmoja wa hapa Bariadi. Kwa miezi mitano ameona damu katika choo kikubwa. Anafika zahanati na kuketi mbele ya tabibu kijana.

"Shikamoo baba. Una shida gani?"

"Marahaba mwanangu. Tumbo tu linanisumbua."

Anapewa dawa ya minyoo, anarudi nyumbani. Neno ambalo lingemsaidia, yaani damu, limebaki moyoni mwake.

Ndugu msomaji, tusimcheke mzee huyu. Ndivyo tulivyolelewa: habari za haja kubwa hazitajwi mbele ya watoto wala wakwe, na tabibu huyo ni rika la mwanawe. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya utumbo, ambapo choo hukusanyika kabla ya kutoka. Saratani yake mara nyingi huanza kama kiuvimbe kidogo kisichouma, ambacho hukua polepole kwa miaka mingi. Kikigunduliwa mapema huweza kuondolewa kabla hakijageuka kuwa saratani. Tukichelewa, ugonjwa hupenya ukuta wa utumbo na huweza kufika kwenye ini. Watafiti waliochunguza habari za wagonjwa 332 wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walieleza mwaka 2013 kwamba wengi walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kusonga mbele.

Kuona damu si lazima iwe saratani. Huku kwetu inaweza kuwa kichocho cha tumbo, kuhara damu au bawasiri. Ndiyo sababu wengi hununua dawa dukani na kujitibu. Hatari ni kwamba kwa macho huwezi kuyatofautisha magonjwa hayo. Dalili nyingine ni kufunga choo au kuhara kwa wiki kadhaa, kuhisi choo hakijaisha, kukonda na kupungukiwa damu. Usingoje mpaka pamba iuzwe.

Katika nchi kadhaa watu hupimwa wakifikia miaka 45 au 50, hata bila dalili. Kwetu utaratibu huo haujaenea. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kinywa chako mwenyewe.

Je, utafanywa nini? Utaulizwa maswali, na choo chako kitapimwa. Tabibu anaweza kuvaa glovu, kupaka mafuta ya kulainisha na kupima njia ya haja kubwa kwa kidole. Ni jambo la muda mfupi. Ikilazimu, utapelekwa hospitali ya rufaa, ambako utumbo hutazamwa kwa mpira mwembamba wenye kamera. Una haki ya kuomba mlango ufungwe. Unaweza pia kuomba upimwe na mwanamume mwenzako, au mwanamke mwenzako. Ukishindwa kutamka, andika katika karatasi umpe. Siri yako ni wajibu wake kuitunza.

Wengi wetu tunamkumbuka Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyefika Mwanza mwezi Septemba 1990. Mwezi Julai 1992 aliwatangazia waamini hadharani kwamba anakwenda hospitali kupimwa. Siku chache baadaye alipasuliwa mjini Roma na kutolewa uvimbe mkubwa katika utumbo mpana. Madaktari walisema haukuwa saratani. Aliishi karibu miaka 13 zaidi, hadi Aprili 2005. Heshima yake haikupungua kwa watu kujua kwamba ana utumbo kama sisi.

Akina mama, waulizeni waume zenu kwa upole. Vijana, wasindikizeni wazee wenu, kisha mkae nje ili waseme kwa uhuru. Na wewe unayeficha, ukiulizwa una shida gani, jibu kwa maneno manne tu: "Ninaona damu katika choo." Tabibu ameyasikia mara nyingi, naye hatashangaa.