Kura Humfunga Aliyeipiga (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulitazama jinsi mtoto anavyorithi chama cha wazazi wake. Leo tuligeuze swali: kura yenyewe humfanya nini aliyeipiga?

Tuanzie mahali pasipo na siasa. Mwaka 1968 wanasaikolojia Knox na Inkster walichapisha utafiti wao wa mbio za farasi huko Vancouver, Kanada. Waliwahoji waliokuwa wakielekea dirishani kuweka dau na waliokuwa wametoka kuliweka punde tu. Waliokwisha kulipa waliamini zaidi kwamba farasi wao atashinda. Farasi walikuwa wale wale, ila fedha zilikuwa zimeshatoka mfukoni. Leon Festinger alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1957: mtu akishatenda, nafsi haitulii na shaka, hivyo hutafuta sababu za kuutetea uamuzi wake.

Kwenye kura, kuthibitisha hili ni kazi ngumu. Anayeamka alfajiri kupanga foleni mara nyingi ni mkereketwa tangu zamani, na huwezi kujua kipi kilitangulia, mapenzi au kura.

Elias Dinas, katika utafiti wa mwaka 2014, alilitegua fumbo hilo kwa tarehe za kuzaliwa. Kuna vijana wa Marekani waliohojiwa mwaka 1965 wakimaliza sekondari, wakahojiwa tena mwaka 1973 na baadaye. Wengi walizaliwa mwaka 1947, na enzi hizo karibu majimbo yote yalimtaka mpiga kura awe na miaka 21. Basi aliyeitimiza kabla ya tarehe 5 Novemba 1968, siku Nixon alipopambana na Humphrey kuwania urais, aliruhusiwa kupiga kura. Mwenzake wa darasa lile lile, mdogo kwake kwa majuma machache, alibaki mtazamaji. Hakuna aliyejichagulia siku ya kuzaliwa, na ndiyo maana naona ushahidi huu una uzito kuliko kura za maoni kumi.

Ikaonekana kwamba waliowahi kupiga kura mwaka ule walishikamana na chama chao kuliko waliokosa.

Msomaji asiharakishe kuifanya hii kanuni ya dunia nzima. Mikael Elinder alitumia mbinu ya umri kwa wapiga kura wa Sweden, na katika makala yake ya mwaka 2012 akaripoti kwamba hakuiona athari hiyo.

(Itaendelea)